Kodiani Iliyolala Kwangu

Katika klabu yetu ya kodiani hakuna anayesema "nimepokea". Tunasema "nimeisikia". Desturi hii niliikuta, na aliyeianzisha simjui. Kodiani ni tatu na sisi ni watu tisa, na ukumbi wa mtaa tunaofanyia mazoezi hapa Ziwani, Nairobi, una panya wanaopenda ngozi. Kwa hivyo kila kodiani hulala nyumbani kwa mwanachama wiki moja, na Jumapili inahamia kwa mwingine. Siku ya kuhama, anayeitoa huketi akabonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, kutoka sauti nene hadi nyembamba, na anayeichukua huketi mbele yake akisikiliza. Wakifika mwisho, anayechukua anasema, "Nimeisikia." Basi. Kuanzia hapo ikipatwa na lolote ni lake.

Mimi ndiye ninayeandika ratiba ya kulala. Wananiita Karani, na ni utani, kwa maana shule niliachia darasa la saba, na kazi yangu ofisini ilikuwa utarishi, kupeleka barua zilizoandikwa na wengine. Lakini mwandiko wangu unasomeka, nadhani. Tangu nistaafu nimekuwa nikiandika mambo ya siku kwenye daftari, na haya nimeyatoa humo. Pale ambapo daftari limenyamaza nitasema.

Tunapiga kwenye harusi, kwenye matanga, na kanisani wakati wa mavuno. Mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba, tunafanya tamasha letu wenyewe ukumbini. Wale wa kutoka upande wa mlima wanapiga mwomboko, ngoma ya kwao, na pete ya chuma inagongwa pembeni. Sisi wa magharibi tunapiga za kwetu. Kila mwaka kuna ubishi nani aanze, mpaka nikaanza kuandika namba kwenye vikaratasi na kuvitia katika kofia ya mwalimu wetu, kila mtu achote yake. Tangu hapo ubishi umekuwa kuhusu kofia.

Mwaka huu jambo kubwa la tamasha, kwangu mimi, lilikuwa mama mmoja anayeuza mboga Kariobangi. Ndiye mwanamke pekee kati yetu. Alikuja miaka miwili iliyopita, kitambaa kichwani, mikono bado inanuka vitunguu, akauliza kama tunafundisha watu wazima. Mzee mmoja muuza mitumba wa Pumwani alimjibu, "Mama, hii haikatwi kama sukuma."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikuja na kisu."

Akavuta kiti akakaa.

Alijifunza polepole kuliko wengi, lazima niseme hivyo, ila alichokishika hakikumponyoka. Wimbo wake ulikuwa mmoja tu, ule ambao mama yake huimba akipukusa mahindi huko nyumbani. Hauna jina tunalolijua na hakuna aliyewahi kuupiga kwa kodiani. Aliutafuta mwenyewe, kitufe kwa kitufe. Mama yake hakuambiwa. Huyo mama aliposikia binti yake yuko kwenye klabu ya kodiani alisema kwa simu, "Hicho ni kitu cha wanaume na cha mahali pa pombe," na hakuuliza tena.

Sasa mwezi huo wa saba mama mzee alikuwa Nairobi. Aliletwa kutolewa mtoto wa jicho. Tamasha lilikuwa Jumapili, na yeye alikuwa anarudi nyumbani Jumatatu. Umri wake si wa kusema atakuja tena mwakani. Mama mboga aliniambia hivyo mara tatu, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza: "Karani, ni Jumapili hiyo moja tu. Nataka anisikie, halafu aseme vile atasema."

Kodiani aliyoizoea ni ile nyekundu, kubwa, yenye sauti ya kifuani. Hizo nyingine mbili vitufe vyake vimepangwa kivingine, na vidole vya mama huko ni kama vya mgeni. Nyekundu ilikuwa imelala kwake. Akaniomba ikae wiki moja zaidi, mpaka siku ya tamasha. Ratiba ilisema inakuja kwangu. Ningeweza kukubali. Zamu ilikuwa yangu na hakuna ambaye angeumia. Lakini mama huyu ni wa kwetu, tunasalimiana kwa lugha ya nyumbani, na nilihofia watu waseme Karani anabeba watu wake. Nikamwambia, "Mama, ratiba ni ratiba. Utaipiga Jumatano kwenye mazoezi."

Niliona hiyo ndiyo haki. Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki au nilikuwa naogopa tu maneno.

Jumapili ya kabla ya tamasha akaileta kwangu mbiombio, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, na manyunyu yale ya baridi yanamlowesha mabega. Nikaweka viti viwili ili tubonyeze. Hakukaa.

"Mama yuko peke yake na jicho limefungwa," akasema. "Nikichelewa ataanza kuwasha jiko kwa kupapasa."

"Basi nenda. Nimeisikia."

"Karani, hujaisikia."

"Nimeisikia, mama. Nenda."

Akanitazama kidogo, kama mtu mwenye neno, kisha akaenda. Nilidhani nimefanya wema.

Jioni nilipoifungua ilinuka unyevu, kama blanketi lililokunjwa kabla halijakauka. Nilipovuta mapafu, ndivyo tunavyoyaita yale makunjo ya katikati yanayovuta hewa, ilikohoa kidogo. Nikasema, hii inahitaji joto. Nikaitandikia gunia kwenye kigoda, nikakisogeza kando ya jiko la makaa, na kila baada ya muda nikawa naigeuza upande. Mke wangu alikuwa anachambua mchele.

"Baba, hiyo ni kodiani au ni omena?"

"Imeshika unyevu."

"Na ukimaliza kuikausha, utaitia nyanya?"

Nikacheka, nikaigeuza upande wa pili. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu anayejali vitu.

Asubuhi nilipoivuta ilitoa sauti ya mtu anayesema na kokoto mdomoni. Kitufe kimoja kililia sauti mbili, kingine hakikutoa hata pumzi. Nikaitikisa. Ndani kulikuwa na vitu vinavyotembea. Nikaitikisa tena, sijui kwa nini, kana kwamba vingerudi mahali pake. Kisha nikaifunga kwa ile nailoni yake na kuiweka juu ya kabati. Daftari la siku hiyo linasema: "Baridi. Nimekunywa uji." Hakuna neno jingine.

Jumatano niliibeba mpaka ukumbini kwa sababu hapakuwa na njia. Mwalimu akaivaa, akaivuta mara moja tu, akaivua. Mwalimu wetu alifanya kazi ya reli, upande wa karakana, na ana sikio la kusikia nati iliyolegea. Vidole vyake siku hizi vinatetemeka na hapendi mtu avitazame. Hakusema kitu. Aliyesema ni mzee wa mitumba.

"Hii nailoni ni ya nani? Si ni ya mama mboga? Imenyeshewa hii. Imebebwa kwa mvua kama kabichi."

Wote tukamgeukia mama. Nilingoja akatae. Akatazama viatu vyake.

"Kulikuwa na maji," akasema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mmoja akasema ni bahati mbaya, mwingine akasema si bahati, ni uzembe. Wakakubaliana apumzike mwaka huu, apige mwakani. Kuwatendea haki, hakuna aliyemtukana, na mzee wa mitumba ndiye aliyemsogezea chai. Kisha wakaniambia, "Karani, andika." Nikaandika. Ninayo hapa: "Kodiani nyekundu imeharibika kwa maji. Mama ametolewa kwenye orodha." Mwandiko ni mzuri kuliko kawaida yangu.

Ningeweza kusema neno pale. Nafasi ilikuwapo. Alipokuwa akikunja leso yake palikuwa na kimya kirefu cha kutosha mtu kusimama na kuketi mara mbili. Sikusimama.

Nyumbani mke wangu aliniuliza mambo yalikuwaje, nikamsimulia yote. Aliweka mwiko chini.

"Na ya jiko wamesemaje?"

"Sikuyasema."

Alinipakulia chakula kama kawaida, nyama akaniwekea kubwa, na hilo lilinimaliza kuliko kama angenigombeza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Kariobangi. Nilimkuta kwenye meza yake sokoni anakata sukuma, mafundi wa jua kali wanagonga mabati nyuma yake, ikabidi nipaze sauti kwa jambo ambalo nilikuwa nimepanga kulisema chini chini.

"Mama, si maji! Ni mimi! Niliiweka karibu na jiko!"

Kisu kikasimama. "Ulifanya nini?"

"Niliikausha. Kwa makaa."

"Kodiani?"

"Ndiyo."

Akaniangalia kwa muda. Mteja mmoja alikuwa amesimama na mfuko wazi, naye akaniangalia. Kisha mama akashusha kisu.

"Na mimi nilijua imelowa," akasema. "Bafu la jirani wa juu linavuja. Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka sokoni nikakuta tone linadondoka juu yake moja kwa moja. Niliipangusa. Nilikuja kwako nikiwa na nia ya kukwambia tukibonyeza, ungesikia mwenyewe. Halafu ukasema nimeisikia, nikaona ni kama Mungu amenisamehe kwa mdomo wako. Nikaenda."

"Kwa hivyo ni sote."

"Wewe unataka tugawane hata hili?"

"Nusu kwa nusu ingekuwa haki," nikasema, na sikuwa natania. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Yule mteja akauliza kama sukuma bado inauzwa ama tunafunga.

Akamwachia jirani meza, tukaenda Ziwani kwa mwalimu, aliyebaki na kodiani.

Mwalimu alitupokea vibaya. Tulieleza tukipokezana, yeye maji, mimi moto, naye akawa anafungua misumari midogo ya kodiani bila kutuangalia. Alipotenganisha mapafu, nyumba nzima ikanuka asali. Ndipo nikajua kitu ambacho nimekaa klabuni miaka bila kukijua. Ndani ya kodiani kuna vibati vidogo, kila kimoja kina ulimi wa chuma unaotoa sauti, na vibati hivyo vimeshikwa kwa nta ya nyuki. Nta, pale, imeshuka chini kama ya mshumaa, na vibati vimelala chali ovyo ovyo.

"Maji yanafanya kutu," mwalimu akasema. "Maji hayayeyushi nta. Hata jana nilijua hii imeona moto."

"Na hukusema?" mama akauliza.

Mwalimu akasema, "Ningesema ni moto, wangeniambia niitengeneze kabla ya Jumapili. Na vidole hivi…" Akavificha chini ya meza. "Nilinyamaza. Sasa tuko watatu, Karani. Gawanya."

Tulifanya kazi siku hiyo alasiri yote na Ijumaa. Nta tulinunua kwa mwanamke wa Ukambani anayeuza asali sokoni Kariobangi. Tuliiyeyusha kwenye kisufuria, kwenye jiko kama lile lile langu, na mwalimu kila dakika akiniambia, "Wewe kaa mbali na hilo jiko." Mama ndiye aliyekuwa na mkono. Alishika kibati kwa ncha za vidole, akakilaza mahali pake, akamimina nta pembeni kwa kijiko, hakumwaga. Mwalimu alimwelekeza kwa kidevu. Kazi yangu ilikuwa kukwangua nta ya zamani kwa msumari.

Vyote vikarudi isipokuwa kimoja. Ulimi wake ulikuwa umekatika. Nadhani ni nilipoitikisa mara ya pili. Hauwezi kuungwa, na mwingine wa saizi ile hatukuupata. Mama alipoivaa na kuanza wimbo wake, alifika mahali fulani na kidole kikabonyeza hewa tupu. Akarudia. Hewa tupu. Ni mahali pale ambapo wimbo unavuta, sauti moja ndefu. Alituambia kwamba anayepukusa mahindi hapo ndipo anapotupa gunzi na kuchukua hindi jingine.

"Ruka," mwalimu akasema.

"Siwezi kuruka. Wimbo wote unategemea hapo."

"Basi paimbe kwa mdomo."

"Mbele ya watu?"

"Sasa utaimba nyuma yao?"

Jumamosi kwenye mazoezi ya mwisho nilisimama na daftari. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusoma, nikayaona ni ya kujitetea, nikafunga daftari na kusema tu: nilisema nimeisikia na sikuwa nimeisikia, kisha nikaiweka jikoni. Mama akasimama akasema ya bafu. Mwalimu akasema yake, kwa kifupi sana. Mzee wa mitumba akavua kofia, akajikuna.

"Karani," akasema, "ungeikaanga kabisa tujue moja."

Wakacheka. Kisha akamgeukia mama. Yeye ni mtu mgumu wa maneno laini. "Mama, nilisema kama kabichi. Hiyo niirudishe. Chota namba."

Akachota saba.

Jumapili ukumbi ulijaa vile unavyojaa kila mwaka, sitaki kuongeza. Viti vya nyuma vilikuwa na nafasi. Mama mzee aliketi safu ya pili karibu na mke wangu, miwani myeusi ya hospitali usoni, leso mbili mabegani, mikono mapajani kama mtu aliyeletwa mahakamani. Wapigaji wa mwomboko walipopanda na pete yao, watu wakainuka kucheza. Yeye akamwuliza mke wangu kama hapa panauzwa pombe. Akaambiwa ni soda tu. Akasema, "Hata soda."

Namba saba ikaitwa. Binti yake akapanda na kodiani nyekundu kifuani, akaketi, hakutazama watu. Mimi nilisimama kando ya jukwaa kwa sababu ndiko Karani husimama.

Alianza. Nilimwona mama mzee akiinua kichwa. Si kwamba alitabasamu. Aliinua tu kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka nje ya ua. Wimbo ukaenda, ukafika mahali pale, kodiani ikanyamaza, na binti akaimba ile sauti moja kwa mdomo. Ilitoka nyembamba na ilitetemeka, karibu ipotee. Akaendelea. Wimbo ule unazunguka, lazima urudi pale pale. Uliporudi mara ya pili akafungua mdomo, na koo likamgoma. Nilimwona. Hakuna kilichotoka.

Ikatoka safu ya pili. Mama mzee, ameketi vile vile, miwani vile vile, aliitoa ile sauti nzima na nzito, ya mtu aliyeiimba juu ya mahindi maisha yake yote, na mkono wake wa kulia ukafanya kama kutupa kitu kando. Mke wangu anasema mama mzee mwenyewe hakujua kwamba mkono wake umeinuka. Mara ya tatu aliitoa tena. Mara ya nne watu wa kwetu walikuwa wameshapajua na wakaimba naye, na mara ya tano hata mzee wa mitumba, ambaye lugha yenyewe haijui, alikuwa ameshika sauti hiyo na hataki kuiachia.

Baadaye, watu wakikunja viti, nilisikia mama mzee akimwuliza binti yake kwa lugha ya nyumbani, "Pale mliponyamaza, mlikuwa mnaningoja?"

Binti yake akanitazama mimi. Kisha akamjibu, "Ndiyo, mama." Nimelifikiria jibu hilo. Si kweli, na sikuona uongo ndani yake.

Mama mzee akagusa kodiani kwa kidole kimoja, kwenye mapafu, akapima. "Ni nzito," akasema. "Unakula vizuri?"

Ilikuwa Jumapili, siku ya kuhama. Ratiba ilisema kodiani nyekundu inatoka kwangu inakwenda kwa mzee wa mitumba. Nikafungua daftari nimwite. Alikuwa ameshavaa koti.

"Mimi niruke," akasema. "Ilale kwa mama. Mgeni wake anasafiri kesho, acha wamalize mahindi yao."

"Ratiba…"

"Andika nimesema mimi."

Nikaandika amesema yeye.

Kisha nikavuta viti viwili. Watu wengi walikuwa wameondoka, na mke wangu alikuwa amemshika mama mzee mkono mlangoni. Mama mboga akaketi mbele yangu, magoti karibu yagusane, akafumba macho. Nikaivaa kodiani, nikabonyeza vitufe kimoja kimoja kutoka sauti nene, bila haraka, kila kimoja nikikishika mpaka kiishe. Nilipofika kile kilichokufa nilikibonyeza pia, kwa sababu ndiyo desturi. Tukaisikiliza hewa ikipita. Nikaendelea hadi cha mwisho.

Akafungua macho.

"Nimeisikia," akasema.